Kuchagua na Kufunga Pedi Bora za Breki kwa Gari Linaloshuka Miteremko ya Moshi na Arusha

Gari linaloshuka kutoka Geti la Marangu, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi njia panda ya Himo hupungukiwa kimo cha takriban mita 1,000. Kwa gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200, mteremko huo hutoa nishati ya karibu megajuli 12, ilhali kulisimamisha gari hilohilo mara moja kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji karibu megajuli 0.3 tu. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, matairi na injini, lakini dereva anayeshuka kwa kukanyaga pedali tu, gia ikiwa haimsaidii, huzitwisha breki zake kazi inayokaribia kusimama mara 40 mfululizo bila kupewa nafasi ya kupoa. Kwa hiyo anayeishi Kibosho, Machame au Marangu, na vilevile anayepandisha wageni Karatu kisha kurudi Mto wa Mbu, achague pedi kwa kuangalia kwanza uwezo wake wa kuvumilia joto. Ukali wa mguso wa kwanza, ambao wauzaji wengi husifia, ni jambo la pili.

Kabla ya kutoa fedha, inafaa kujua kinachohitaji kurekebishwa. Ikiwa breki zako zinaweza kufunga magurudumu, au kuuamsha mfumo wa ABS unaozuia magurudumu yasifunge, kwenye lami kavu, basi kinachoamua umbali wa kusimama ni mshiko wa matairi, na pedi za bei ghali hazitaufupisha umbali huo zikifanya kazi pamoja na matairi yaliyokwisha. Ikiwa tatizo hujitokeza mteremkoni tu, chunguza pedali inavyoitika. Pedali inayobaki ngumu na juu huku gari likikataa kupunguza mwendo huonyesha kwamba pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Pedali inayolegea na kuzama huelekea kuonyesha kwamba mafuta ya breki yamechemka na kutengeneza mapovu ya mvuke ndani ya mabomba. Dalili ya kwanza hutibiwa kwa pedi. Ya pili hutibiwa kwa mafuta mapya, na ni kosa la kawaida kwenye gereji zetu kubadilisha pedi mara mbili au tatu wakati mafuta ni yaleyale yaliyokuja na gari kutoka Japani.

Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyounyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Mafuta ya DOT 3 (daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakiisha kunyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango ni 230 na 155. Gari linalotumia DOT 3 linaweza kuwekewa DOT 4 bila madhara. DOT 5 ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kwa silikoni na haichanganywi na hizo mbili.

Tukija kwenye pedi zenyewe, sokoni kuna aina kuu tatu. Za nyuzi asilia na plastiki ngumu ni tulivu, za bei nafuu na hazili sana diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi, lakini ndizo za kwanza kuchoka kwa joto. Zenye mchanganyiko wa chuma hustahimili joto zaidi na ndizo ninazozipendekeza kwa gari la mizigo, la abiria au la watalii linaloshuka milima kila siku, ingawa hupiga kelele kidogo, huchafua rimu kwa vumbi jeusi na huila diski mapema. Za kauri hukaa katikati: ni tulivu, vumbi lake ni jepesi, na zile nzuri huvumilia joto vizuri kwa gari dogo la familia. Pedi za magari ya mashindano zisikushawishi, kwa sababu nyingi hazishiki sawasawa mpaka zipate moto, na asubuhi ya baridi ya Arusha mtoto akikatiza barabara hakuna muda wa kuzipasha.

Namna ya kuitambua pedi inayovumilia joto ni kuigeuza na kusoma ubavu wake. Pedi nyingi huchapwa msimbo unaoishia na herufi mbili, kama EE, FE, FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza msuguano wa pedi katika joto la kawaida, na ya pili hueleza msuguano huo ikiwa imepata moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F ni hadi 0.45, na G ni hadi 0.55. Pedi ya FE kwa hiyo hushika vizuri mjini na kupungua nguvu mlimani, wakati FF hubaki katika kiwango kilekile. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu kudumu wala kelele. Alama nyingine ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba, pamoja na maandishi 90R, ambayo humaanisha kwamba pedi imepimwa kwa kanuni ya kimataifa na utendaji wake haukuachana sana na wa pedi ya kiwandani. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni orijino kabisa," nawe mwombe kwa heshima afungue boksi. Pedi isiyo na maandishi yoyote ubavuni, au ambayo bamba lake la chuma lina kingo zenye makovu na rangi iliyopakwa juu ya kutu, irudishe kaunta hata kama boksi lake linang'aa.

Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, weka vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini, pandisha kwa jeki kisha uliegemeze kwenye stendi imara; jeki peke yake haitoshi, na tofali la saruji si stendi. Kwenye Toyota ndogo nyingi boliti za kalipa, kibanio kinachobeba pedi, hufunguliwa kwa spana namba 14. Ondoa ya chini, uiinue kalipa, na ikiwa utaitoa yote ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hosi yake. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwa mazoea, kwa kuwa baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na ya kulipua. Linganisha pedi ya ndani na ya nje: ikiwa moja imekwisha na nyingine ina nyama, pini za kalipa zimekwama kwa vumbi na kutu, na pedi mpya zitaharibika vivyo hivyo. Chomoa pini, zisafishe, uzipake grisi ya silikoni inayovumilia joto, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Pini ikirudishwa iteleze kwa kidole. Pima pia unene wa diski, kwani kiwango cha mwisho huwa kimechapwa kwenye diski yenyewe, na diski iliyofika hapo haichongwi tena. Kisha rudisha pistoni inayosukuma pedi ndani ya kalipa polepole kwa klampu huku ukiangalia chupa ya mafuta isifurike, maana mafuta ya breki hula rangi ya gari.

Baada ya kufunga, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivyo atakanyaga hewa mara ya kwanza anapotoka getini. Nati za gurudumu za Toyota ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103, kwa mtindo wa msalaba.

Kilichobaki ni kuzizoesha pedi na diski. Tafuta barabara tambarare yenye magari machache, mathalani ile ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC alfajiri ya Jumapili, uende kilomita 60 kwa saa, upunguze kwa nguvu ya wastani hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha uongeze mwendo tena. Rudia mara nane hadi kumi, halafu endesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe, wala usivute handibreki zikiwa za moto. Harufu kidogo ya kuungua ni ya kawaida siku hiyo. Ukiisikia tena wiki inayofuata, gusa rimu zote nne kwa uangalifu baada ya safari fupi: ile yenye joto kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo ina pini au pistoni isiyoachia.