Ukikosa wiki mbili za mazoezi ya mbio ndefu: jinsi ya kurudi bila kujiumiza

Januari moja, wiki tano kabla ya Kilimanjaro Marathon, malaria ilinilaza siku tisa. Nilipopata nafuu nilifungua daftari, nikajumlisha kilomita nilizokosa, nikaanza kuzilipa kama deni la dukani. Jumapili hiyo nilikimbia 16. Jumatano muundi ukauma hadi kushuka kwenye daladala ikawa kazi, nikakaa nje ya mazoezi siku 17 nyingine. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na wenzangu wa jogingi hapa Dar nawasisitizia huu huu.

Hatua ya 1: Samehe deni. Kilomita zilizopita zimepita. Usizisukumie wiki ijayo hata moja.

Hatua ya 2: Pima pengo. Likiwa chini ya wiki, endelea na ratiba palepale ilipofika. Wiki moja hadi mbili: mbio ndefu ya kwanza iwe nusu ya ile ya mwisho, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Pumzi hurudi mapema, mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana watu wengi huumia pale wanapojiona wameshapona. Likizidi wiki tatu, badili lengo: wa kilomita 42.2 ashuke 21.1. Najua inauma. Lakini ule mwinuko wa kuelekea Mweka, kwenye njia ya Kilimanjaro Marathon, haumhurumii mtu aliyekwenda na mazoezi nusu, na mbio zipo mwakani. Mwanamarathon wetu Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London 2017. Dhahabu aliisubiri hadi Tokyo 2025.

Hatua ya 3: Baada ya homa. Kama ilikuwa malaria, maliza dozi yote ya dawa mseto, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kisha kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yangu ya kawaida ni 56. Yakifika 66, siku hiyo natembea tu. Yakitulia siku tatu mfululizo, anza na dakika 20: kimbia moja, tembea mbili.

Hatua ya 4: Muundi ukiuma. Bonyeza mfupa kwa kidole, toka juu hadi chini. Maumivu yakiwa yametandaa ukingo wa ndani na yanapungua ukishapasha mwili, punguza kilomita zako kwa nusu, hamia njia ya udongo. Yakiwa kwenye kidoa kimoja, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia, nenda hospitali ukapimwe. Huenda mfupa umepata ufa, na hapo hakuna kujikaza.

Hatua ya 5: Masika. Barabara ikijaa maji, hesabu dakika badala ya kilomita. Ngazi za jengo zinatosha.

Hatua ya 6: Andika sababu. Kando ya kila siku uliyokosa, andika kilichokuzuia. "Foleni" ikijitokeza mara tatu kwa mwezi, zoezi la jioni lihamishie alfajiri.