Usimkimbize manusura kwenye maikrofoni

Hapa Kisauni, Mombasa, msichana aliyesafirishwa kiharamu kufanya kazi Saudia akirudi mikono mitupu, mtaa humuuliza, "Umetuletea nini?" Wewe usimuulize chochote. Mpe chumba chenye ufunguo, na ufunguo akae nao mwenyewe, kwa sababu alikotoka hata paspoti yake aliishika mwajiri. Mmoja niliyekaa naye alikuwa akiniomba ruhusa ya kunywa maji. Nikamwonyesha mtungi ulipo, nikatoka jikoni.

Hospitali iwe mapema, na aende na mtu anayemwamini. Halafu deni. Watu hulisahau, nalo ndilo linalomnyima usingizi: mama alikopa kwenye chama cha kukopeshana ili binti asafiri. Kaeni na wanaodai, mpange malipo, la sivyo wakala mwingine atakuja na ahadi ya Oman naye atakubali.

Mkataba, tiketi, meseji na sauti za WhatsApp za wakala visifutwe, hata vinavyomtia haya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamkinga manusura asishtakiwe kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa huko. Mwambie hili mapema. Wengi hukwepa polisi kwa kuwa waliondoka na karatasi za kughushi.

Utetezi, yaani kusema kwa ajili ya wengine, uje baadaye, na si lazima uwe wa kusimulia mateso. Mwenzetu mmoja hajawahi kusimulia yake hadharani. Kazi yake ni kusoma mikataba pamoja na wasichana wanaojiandaa kuondoka: mwajiri ni nani hasa, paspoti itakaa kwa nani, wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira au la. Akina mama humfuata hadi nyumbani. Huo ni utetezi kamili.

Anayetaka jukwaa, msaidie alipande kwa masharti yake. Picha itatumika wapi? Anaweza kuikataa kesho? Alipwe nauli na posho kama wazungumzaji wengine. Machozi yake si mchango wa bure kwa semina ya mtu. Andikeni maswali ambayo hatayajibu, mwenye kuongoza kikao apewe karatasi hiyo kabla. Usiku wa siku hiyo asilale peke yake, na asubuhi mpitie.