Namna ya kumueleza jirani imani yetu sisi Wamormoni

Hapa Lubumbashi watu wanaanza na kuuliza kama tunaabudu Mormoni, basi usianzie kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa yetu, anzia kwa Yesu, sema jina yote polepole, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mormoni alikuwa nabii wa zamani mwenye kukusanya maandiko, njo kitabu yetu, Kitabu cha Mormoni, ikapata jina yake.

Kisha ingia kwa Urejesho, maana yake Mungu kurudisha kanisa ya Yesu duniani, hii njo moyo ya mambo yote. 1820, kule New York, Joseph Smith, kijana wa miaka 14, alisali ajue kanisa gani ni ya kweli, na tunaamini Mungu Baba na Yesu walimtokea, wote wawili. Jirani Mkatoliki atakusimamisha pale juu ya Utatu, usigombane naye, mwambie wazi sisi tunaamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu mbalimbali wenye kusudi moja. Kitabu cha Mormoni kilitoka 1830, tunasoma pamoja na Biblia.

Wake wengi? Kanisa ilitangaza kuacha 1890, pita. Pombe, tumbaku, kahawa na chai hatutumii, kwa matanga unaomba tu maji.

Lakini kama ni mama mwenye amefiwa na mtoto, acha hizo zote, mwambie tunaamini watoto wadogo wanaokolewa na Kristo, na familia inaunganishwa milele hekaluni, ya Kinshasa ilifunguliwa 2019, ya hapa kwetu ilitangazwa 2020. Akitaka kuona mwenyewe, mwite Jumapili, atakuta sakramenti ya mkate na maji, na hakuna kapu ya sadaka yenye kupita.