Mtafiti, anza na swali la watu

Ukitaka watu waifuatilie kazi yako mitandaoni, usianze kwa kubandika kiungo cha makala ya jarida. Hakuna atakayekifungua, labda wenzako wa maabara. Anza na swali ambalo mtu wa kawaida angeuliza. Mwaka 2013 mwanaanga Chris Hadfield, akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, alikamua kitambaa kilicholowa mbele ya kamera, kwa sababu wanafunzi wa sekondari wa Kanada walitaka kujua maji yangekwenda wapi. Hayakudondoka. Yalikizunguka kitambaa kama bomba, yakamganda mikononi. Video ile fupi ilionyesha mvutano wa uso wa maji bila mlinganyo hata mmoja.

Takwimu nazo uzichunge. Ukiandika “hatari imeongezeka maradufu”, sema pia imetoka mtu 1 kati ya 10,000 hadi 2, la sivyo utazua taharuki ya bure. Kwenye maoni, mjibu anayetaka kujua. Mbishi wa kazi achana naye. Na ukikosea, weka sahihisho palepale, usilifute chapisho kimyakimya. Watu huwa wameshapiga picha ya skrini.