Mnili mwitu: kuanzia mbegu ngumu hadi nili kavu

Nili, rangi ya buluu ya kutilia nguo, haimo ndani ya jani ikiwa tayari buluu, kama manjano ilivyo ndani ya tunguu lake. Jani la mnili lina kitu kisicho na rangi. Likilowekwa hukitoa majini, na kikikutana na hewa ndipo buluu inazaliwa. Makosa mengi ya watengenezaji wapya hutokana na kutojua hilo.

Mnili mwitu wetu wa Afrika Mashariki, Indigofera arrecta, ni kichaka cha jamii ya kunde chenye urefu wa mita 2 hadi 3. Maua yake ni madogo, ya waridi iliyoiva, na maganda yamenyooka, ya sentimita 2 hivi. Una ndugu wengi wanaofanana nao ambao hawatoi rangi, na wengine ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo upime kabla ya kukusanya mbegu. Ponda majani machache, yaache kivulini: yakikauka na michirizi ya buluu iliyokoza, umeupata.

Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji, na ukiisia hivyohivyo itaota moja moja kwa miezi. Chemsha maji, yaepue, subiri dakika 5, yamimine juu ya mbegu na uziache usiku kucha. Zilizovimba zipande, kina cha sentimita 1. Zilizobaki ngumu zisugue kwa msasa uziloweke tena. Mche mmoja na mwingine viachane sentimita 60. Chagua mahali penye jua pasipotuama maji, maana mizizi huoza. Mbolea ya chumvichumvi ya nitrojeni haihitajiki, mizizi hujitengenezea yake.

Vuna matawi wakati vichipukizi vya maua vinapoanza kutokeza, asubuhi mapema, ukiacha kisiki cha sentimita 20 kichipue tena. Majani yaingie majini siku hiyohiyo, kwa sababu yakinyauka nili hujitengeneza ndani ya jani na haitoki tena.

Kwa kilo 10 za matawi mabichi, tumia pipa la lita 100. Jaza maji yazamishe kila kitu, kandamiza kwa mawe. Kwenye joto la nyuzi 30 inatosha saa 12 hadi 18. Kwenye baridi huenda ikafika saa 24. Hapa saa ya ukutani haisaidii sana, angalia maji yenyewe: yawe kijani cha manjano yanayong'aa, juu kuna utando wa rangi ya shaba. Yakinuka kama mavi ya ng'ombe umechelewa, na sehemu ya rangi imeshaharibika.

Toa majani, chuja. Koroga chokaa iliyozimwa katika maji ya uvuguvugu, gramu 4 kwa kila lita ya maji ya nili, chuja kisha umimine. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza. Sasa chota kwa kata na umwage kutoka juu, tena na tena, kwa dakika 20 hadi 30. Povu huanza la kijani, likageuka buluu, kisha likafifia na kupungua. Ukiacha kabla halijafifia, nili iliyobaki utaimwaga pamoja na maji.

Acha itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu taratibu, chuja tope kwa kitambaa cha marikani na ulianike kivulini. Kipande kizuri ukikikwaruza kwa ukucha hung'aa kama shaba. Kikiwa cheupecheupe na kizito, ulizidisha chokaa.

Nili hii haiyeyuki majini, kwa hiyo kabla ya kutia nguo rangi iandae hivi. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji moto, saga gramu 100 za nili, weka gramu 200 za chokaa na gramu 300 za sukari ya matunda (fruktosi). Sukari ya kawaida ya chai haifanyi kazi hii. Koroga polepole bila kuingiza hewa, funika. Maji yakiwa ya manjano chini ya utando wa shaba, tumbukiza nguo iliyolowa kwa dakika 5. Itatoka ya kijani. Itandaze, igeuke buluu hewani, ndipo uirudishe. Kuchovya mara tano kwa muda mfupi hushikisha rangi zaidi kuliko kuilaza ndani saa nzima.