Simu inayotaja bei kwa Kiswahili: kutunga jibu hatua kwa hatua

Ninajenga mifumo ya simu inayozungumza. Mfanyabiashara anapiga, anauliza bei ya mahindi, naye anajibiwa kwa sauti, kwa Kiswahili. Kazi ya kutambua alichosema mpigaji hupata watu, fedha na miezi. Kazi ya kutunga jibu hubaki ya jioni ya mwisho, na hapo ndipo mifumo mingi mizuri inapoharibika. Mfano wetu ni soko la mpakani Busia. Andaa jedwali la bei, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na simu ndogo ya bei nafuu ya kujaribia.

Hatua ya 1: Amua cha kusema

Kabla ya sentensi yoyote, andika kadi ya jibu: bidhaa, soko, kipimo, bei, sarafu, siku. Usiruke sarafu. Busia ziko mbili, moja Uganda na nyingine Kenya, na shilingi ni mbili pia. Jibu linalosema "Busia, shilingi elfu nne" halijamsaidia mtu. Sema "Busia ya Uganda, shilingi za Uganda", hata kama unaona ni dhahiri.

Hatua ya 2: Ngeli isafiri pamoja na neno

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uikalie muda mrefu. Miongozo mingi ya kutunga lugha kwa kompyuta hukufundisha kuandika kiolezo chenye nafasi wazi, kisha kujaza jina:

[BIDHAA] yamefika sokoni.

Weka mahindi, ni sawa. Weka maharage, ni sawa. Weka viazi: "viazi yamefika". Weka mchele: "mchele yamefika". Mpigaji anatambua papo hapo kwamba anayesema naye hajui lugha, na asiyejua lugha ataaminiwaje kwenye bei?

Kwa Kiswahili nomino ndiyo inayotawala sentensi. Kwa hiyo katika jedwali lako usiweke jina peke yake. Weka na kiambishi chake: mahindi (ya-), mchele (u-), viazi (vi-), ndizi (zi-). Samaki muandikie wa-, kwa sababu ni kiumbe hai ingawa umbo lake linafanana na la ndizi. Kiolezo sasa kinakuwa:

[BIDHAA] [KIAMBISHI]mefika sokoni.

Idadi nayo ina sheria zake. Moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Magunia manane, lakini magunia saba. Tena idadi hufuata kipimo, si bidhaa: "magunia mawili ya viazi", kamwe si "magunia viwili".

Ukitumia modeli kubwa ya lugha, yaani programu ya akili bandia inayotunga maandishi, kutunga sentensi, usiiachie bei, maana itakubunia. Ipe nafasi wazi, ujaze tarakimu mwenyewe baadaye. Lakini nafasi ya bidhaa iwe na lebo ya ngeli, kama BIDHAA_VI au BIDHAA_U, la sivyo modeli itabahatisha kiambishi na utarudi kwenye "viazi yamefika".

Hatua ya 3: Andika kwa ajili ya sikio

Msomaji hurudi nyuma kwa macho. Msikilizaji aliyesimama kando ya lori linalounguruma hana pa kurudi. Jambo moja kwa sentensi moja, na bei ije mwisho: "Maharage, Busia ya Uganda, leo asubuhi. Kilo moja ni shilingi elfu tatu." Bei ikitangulia, mtu anakuwa bado anaweka simu sikioni.

Tarakimu usiiachie programu ya sauti izisome yenyewe; ziandike kwa maneno. Toleo langu la kwanza lilikutana na 1,300 likasoma "elfu mia tatu". Mama mmoja muuza maharage aliyekuwa akinisaidia kujaribu alinigeukia: "Mwanangu, kilo moja laki tatu?" Alikuwa sahihi kabisa. "Elfu mia tatu" ni 300,000. Ninachotaka ni "elfu moja na mia tatu". Tangu siku hiyo kanuni yangu haina msamaha: taja "moja", taja "na", na 300,000 iitwe laki tatu.

Simu ya kawaida hukata sauti zote zilizo juu ya hezi 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" huwa huko juu. Sita na tisa hupotea kirahisi. Bei yenye mojawapo irudiwe mara mbili.

Hatua ya 4: Usiamrishe

Kwa Waganda wengi wa umri wa wazazi wangu, Kiswahili kilisikika kwanza kwa askari, na kilikuja kama amri. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sikio halibadilishwi na katiba. Simu ikisema "Taja soko!" inawarudisha kwenye kizuizi cha askari barabarani. Andika "Tafadhali, ungependa bei ya soko gani?" Sauti ikiwa haikueleweka, lawama ibaki kwa mfumo: "Samahani, sijakusikia vizuri."

Hatua ya 5: Ukitafsiri Kiluganda, usipitie Kiingereza

Njia ya mkato ni kugeuza Kiluganda kuwa Kiingereza, kisha Kiswahili. Angalia kinachotokea kwenye saa. Kiluganda na Kiswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri: "ssaawa bbiri ez'oku makya" ni saa mbili asubuhi, basi. Kiingereza huita saa hiyo ya nane. Ukipita huko unaongeza saa sita, kisha lazima uziondoe. Hatua moja ikisahau, mtu anaambiwa aje saa nane. Vilevile lugha zetu mbili hazitenganishi mwanamke na mwanamume katika kiambishi cha kitenzi. Kiingereza kitakulazimisha uchague.

Udugu huo usikulevye. "Kasooli atuuse" ni "mahindi yamefika", lakini kasooli kwa Kiluganda huchukua kiambishi cha mtu, na modeli inayofuata neno kwa neno itatoa "mahindi amefika". Pesa ni hatari zaidi. Omutwalo ni 10,000, hivyo "emitwalo ebiri" ni elfu ishirini. Nimeona ikitoka "elfu mbili". Kiasi cha fedha kigeuze kwanza kuwa tarakimu, kisha zipitishe kwenye kanuni zako za hatua ya 3.

Hatua ya 6: Jaribu sokoni

Usimuulize msikilizaji kama ameelewa, kwa kuwa atakuitikia kwa heshima tu. Mchezeshee jibu mara moja kwenye ile simu ndogo, katikati ya kelele, kisha umuombe akutajie soko, kipimo na bei. Akikosea kimojawapo, andika sentensi aliyoisikia na neno alilolisema, neno kwa neno. Nina daftari zima la maneno hayo, na kila Jumatatu nafungua violezo vyangu kwa kuanzia humo.