Kufundisha vijana uashi kwenye nyumba ya zamani: hatua tunazofuata Lubumbashi

Shuleni tulizoea ukuta wa mazoezi. Jumatatu wanafunzi wanaanza kupanga matofali, Jumatano ukuta umefika kifuani, Ijumaa tunaubomoa ili wiki inayofuata wenzao watumie matofali yaleyale. Mkono unazoea mwiko, hilo sikatai. Lakini ukuta ule haujawahi kunyeshewa mvua ya Januari, na hakuna nkambo, bibi au babu mwenye nyumba, aliyewahi kusimama mbele yake akauliza, "Mwanangu, hapa maji hayataingia tena?" Kijana anamaliza masomo akijua kujenga, bila kujua jinsi ukuta unavyozeeka.

Ndiyo sababu kundi langu linafanya mazoezi ya likizo kubwa kwenye nyumba za watu, katika komini (manispaa) za mji wetu: Kamalondo, Katuba, na ile inayoitwa Kenya. Somo hili ni kwa walimu na mafundi waliouliza tunavyopanga kazi. Anayetaka kujenga nyumba mpya hatapata mengi hapa.

Kwanza muijue nyumba yenyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na kartye (mitaa) za Waafrika zikafuata. Katika miaka ya 1950, OCA, ofisi ya nyumba iliyoundwa mwaka 1952, iliongeza nyingine, kama zile za Ruashi. Nyingi ni za matofali ya kuchoma yaliyotokana na udongo wa vichuguu. Mgeni hushangaa kuona vichuguu vyetu vinafika mita 5 na kupita, lakini udongo ule mchwa wameupandisha chembe kwa chembe, una mfinyanzi mwingi, na tofali lake linatoka tanuruni likiwa zuri. Shida iko kwenye viungo: mara nyingi kati ya tofali na tofali utakuta udongo mtupu, na simenti ni ngozi ya nje tu. Kumbukeni hilo hadi mwisho wa somo.

Hatua ya 1: Mapatano

Karatasi moja, isainiwe na mwenye nyumba, shule, na shahidi. Shefu wa kartye apewe habari. Iandikwe nani ananunua vifaa (kwetu ni mwenye nyumba, kidogo kidogo), nani analeta zana (sisi), na kazi itaishia wapi. Mstari huu wa mwisho msiusahau. Ukishaingia lupango, yaani kiwanja cha nyumba, kila mtu wa nyumba ana mlango wake unaogoma kufunga.

Tunaanza mapema Julai. Kiangazi kinatupa wiki nyingi bila tone la mvua, na wanafunzi wako likizo.

Hatua ya 2: Siku mbili bila nyundo

Wanafunzi hawaipendi hatua hii, nami siipunguzi hata saa moja. Kila mmoja anakuja na daftari, penseli, mita na kamba. Anachora nyumba. Anapima pembe mpaka pembe, ajue kama chumba kimekaa mraba. Anashusha timazi kwenye kila kona. Wawili wanachukua mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji na kuzunguka nyumba nzima, wanaandika wapi imezama na kwa sentimita ngapi. Kisha wanagonga krepi, yaani lipu ya ukuta, kwa kiungo cha kidole, polepole, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Panapolia kama ngoma, krepi imeachana na tofali.

Nyufa zinasomwa moja moja. Ufa ulionyooka wima pale chumba cha nyongeza kinapokutana na nyumba ya kwanza, mara nyingi ni kuta mbili ambazo hazikufungwa pamoja. Unatisha kuliko ulivyo. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unasema msingi umezama upande mmoja. Angalia jirani yake: shimo la maji ya kuogea, au mizizi ya mwembe. Tunagandisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta, tunaandika tarehe. Kioo kikivunjika wakati sisi bado tuko kazini, ukuta unatembea, na hapo hatuzibi kitu mpaka tujue sababu.

Na muulizeni nkambo. Anajua maji yaliingilia wapi, chumba kipi kiliongezwa alipozaliwa mtoto yupi, mwaka gani upepo uliinua bati. Daftari la mwanafunzi ambaye hakuongea na mwenye nyumba namrudishia.

Hatua ya 3: Vinavyoua

Umeme unakatwa kwenye kompta (mita ya umeme) kabla ya patasi kugusa ukuta. Waya za zamani zimepita mahali ambapo hakuna anayekumbuka. Paa la eterniti, yaani vigae vya simenti yenye asbesto, haliguswi na mwanafunzi (nimejibu swali lake chini). Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo zinakwanguliwa zikiwa zimeloweshwa, si kavu.

Hatua ya 4: Maji kwanza

Ukitengeneza ukuta kabla ya kuyaondoa maji, utarudi mwaka kesho kuutengeneza tena. Tunaangalia ukingo wa paa: ukiwa mfupi, mvua inapiga chini na kurusha matope ukutani. Urefu wa sentimita 60 kutoka ukutani unasaidia sana. Tunachimba mfereji, na ardhi inayozunguka nyumba tunaipa mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, ukitoka ukutani. Kazi hii haina sifa. Ni koleo, karai na jasho.

Hatua ya 5: Mguu wa ukuta

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Matofali ya mistari ya chini yamekunywa maji miaka 60, yameoza, unayachimba kwa kidole. Lazima yatolewe, na juu yake kuna ukuta na paa na watu.

Chukueni ukuta wa mita 5 na sentimita 40. Kwa chaki, ugaweni vipande 9 vya sentimita 60, mviandike namba. Egemezeni paa kwa miti ya mkaratusi iliyosimama juu ya mbao pana. Kisha fungueni vipande 1, 4 na 7 tu. Vingine vyote vinabaki vimebeba mzigo. Toeni tofali bovu, fagieni, lowekeni matofali mapya mpaka yaache kutoa mapovu. Tandazeni plastiki nene ya kuzuia unyevu, ncha zake zikibaki nje sentimita 15 kila upande ili zilaliane na kipande kijacho. Pangeni. Kiungo cha juu kabisa, pale tofali jipya linapokutana na ukuta wa zamani, kinajazwa mota iliyo kavukavu, ikishindiliwa kwa kijiti bapa mpaka isiingie tena. Kiungo hiki kikiwa na uwazi wa milimita chache tu, ukuta utazitafuta hizo milimita.

Subirini siku tatu. Halafu 2, 5 na 8. Siku tatu tena. Halafu 3, 6 na 9.

Ninaandika kwa kirefu kwa sababu niliwahi kuivunja sheria hii. Mwaka wetu wa kwanza tulichelewa, mawingu ya Oktoba yakaanza kujikusanya, nikawaruhusu vijana wafungue vipande vitatu vilivyofuatana. Mchana, wakati wa kula bukari (ugali), tukasikia mchanga ukitiririka ndani ya ukuta. Sauti ndogo tu. Niliwatoa wote nje. Ukuta ukashuka upana wa kidole, na ufa ukafunguka juu ya dirisha la mama aliyetuamini. Hakuna aliyeumia. Nilinunua matofali na simenti mwenyewe, tukarudia upande mzima. Tangu siku hiyo kila kundi jipya linajua sauti ya mchanga maana yake ni tupa mwiko, toka nje, usirudi kuchukua viatu.

Hatua ya 6: Mota na krepi

Vijana wengi wanaamini simenti nyingi ndiyo nguvu. Kwenye tofali la zamani ni kinyume. Tofali hilo linakunywa maji na kuyatoa tena. Ukilifunika kwa simenti kali, maji yanabaki ndani, uso wa tofali unabanduka, na krepi yako ngumu inaanguka ikiwa na ngozi ya tofali mgongoni. Mota iwe laini kuliko tofali. Sisi tunapima kwa karai lilelile: simenti 1, chokaa 2, mchanga 9. Chokaa kiwe kimeshazimwa. Kile kibichi kinachemka kikikutana na maji na kinaweza kumpofua mtu. Kwetu Katanga chokaa hakitoki mbali, kuna mawe yake Kakontwe, karibu na Likasi.

Mchanga upimeni kwa chupa: theluthi moja mchanga, ongezeni maji, tikiseni, laleni. Asubuhi, tabaka la matope juu likiwa nene, uosheni au tafuteni mwingine.

Krepi ni milimita 10 hadi 15 kwa tabaka moja, kwenye ukuta uliolowanishwa. Hewa ya Agosti inafyonza maji haraka, kwa hiyo magunia mabichi yanatundikwa ukutani na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mtoto wa nyumba akipewa kazi hii anaifanya kwa bidii kuliko fundi.

Hatua ya 7

Milango, madirisha, rangi. Tumieni rangi ya chokaa nje ili ukuta uendelee kupumua.

Maswali tuliyoulizwa

*Mwalimu, tumekuta paa la eterniti limevunjika kona moja. Tunaweza kukata kipande tukaweka bati? (mwanafunzi, Kipushi)*

Usikate, mdogo wangu. Eterniti ya zamani ni simenti iliyochanganywa na asbesto. Nyuzi zake huzioni; zikivutwa zinabaki mapafuni, na saratani inaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii. Paa likiwa zima, liacheni hivyo: msilitoboe wala kulisugua ukoga kwa brashi. Kipande kilichovunjika kinaloweshwa maji na kuondolewa na watu wazima wenye barakoa za kazi hiyo, kinafungwa kwenye plastiki mbili, kinazikwa mbali. Kisitumike kujaza mashimo ya lupango, kama ninavyoona watu wakifanya.

*Papa, samahani kwa swali. Mimi ni masoni (mwashi) wa Katuba miaka mingi. Vijana wenu wakifanya kazi bure, sisi tutakula nini?*

Yaya (mkubwa wangu), swali lako ni la haki. Tunachukua nyumba ambazo wenyewe hawawezi kulipa mkono wa fundi: wajane, wastaafu. Mwenye uwezo tunamwelekeza kwenu. Na kila nyumba tunaweka fundi mmoja wa kartye, analipwa na mchango wa shule, anasimamia pamoja nami. Kuna mambo ya matofali ya kichuguu ambayo nimejifunza kwa wazee hao, hayamo kwenye kitabu changu. Karibu Julai.

*Nina nyumba ya marehemu baba, naipangisha. Mnaweza kuja? (mama, Kamalondo)*

Mama, tunaanza na nyumba anayolala mwenyewe. Tuliona nyumba ikipendeza, kodi inapanda, na mpangaji aliyewapikia vijana anafungasha vitu vyake. Ukikubali kuandika kwamba mpangaji hatatolewa wala kuongezewa kodi kwa mwaka mzima, tutakuja kuitazama.

*Mbao za paa tunazipaka mafuta machafu ya gari kuzuia mchwa. Ni sawa?*

Watu wengi wanafanya hivyo. Mimi sipendi: yanashika ngozi ya vijana, yananuka chumbani, na yanalisha moto. Ondoeni njia za mchwa kwanza. Mbao isiguse udongo, na ile mirija ya matope inayopanda ukutani ikwanguliwe kila mwezi, maana ikirudi mtajua wako wapi. Mbao iliyoliwa ikatwe mpaka kwenye nyama nzima, si kupakwa juu.

*Wazo hili mlilitoa wapi?*

Kwetu lilitokana na ukuta ule wa Ijumaa. Baadaye nikajua wengine walitutangulia. Huko New York, mtaa wa East Harlem, mwaka 1978 mwalimu Dorothy Stoneman aliwauliza vijana wangefanya nini kwa mtaa wao, na wakaanza kutengeneza majengo yaliyotelekezwa. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa YouthBuild, mpango wa kuwafundisha vijana ujenzi. Mtaa na matofali ni tofauti na vyetu, lakini vijana walikuwa na haja ileile.

*Alama mnatoaje, kama kazi inaisha Agosti?*

Sitini kati ya 100 zinatolewa Agosti: daftari, usalama, usafi wa kiungo. Arobaini zinabaki. Februari, mvua ikiwa imepiga miezi mitatu, mwanafunzi anarudi kwenye ukuta wake na daftari lilelile, anagonga krepi, anatazama kioo juu ya ufa, anashika mguu wa ukuta kama una unyevu. Mwenye nyumba anasimama karibu, na neno lake linaandikwa.